Breki laini kwenye gari la zamani la spoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi

Maswali haya ni ya wenye magari ya spoti ya umri mkubwa: Mazda MX-5 za mwanzo, Toyota MR2, Datsun 240Z, Alfa Romeo Spider na wenzao. Mengi ya magari haya hapa Malindi hutoka kwa msimu na kulala miezi, na hewa ya bahari haiyaachi salama. Anayelalamika breki laini mara nyingi huwa ameshaambiwa anunue diski kubwa au kalipa (vibano vya diski) za bei. Subiri kwanza. Breki zilizotoka kiwandani na gari lako zilitosha kulisimamisha. Ikiwa leo pedali inabonyea, kuna kitu kimechakaa, kimelegea au kimeingia hewa, na hicho ndicho cha kutafutwa.

Nitajuaje ni ulaini wa aina gani?

Mguu ndio utakaokwambia. Simamisha gari mahali tambarare, injini imezimwa, kanyaga breki mara tano ili ombwe lililobaki kwenye busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu) liishe, kisha anza kupima.

Kanyaga mara moja polepole na usikilize mguu. Halafu pampu mara tatu haraka na ushikilie. Ikiwa pedali imepanda juu na sasa ni ngumu kama jiwe, tatizo si hewa: ni nafasi iliyozidi kati ya brekishuu (vibao vinavyobana kutoka ndani) na dramu (ngoma ya gurudumu), au brekipedi (vipande vinavyobana diski) zinazosukumwa mbali na diski kwa sababu beringi ya gurudumu imelegea. Ikiwa imepanda lakini bado inarudisha mguu kama sponji, ndani mna hewa, au mipira ya breki (ile inayopeleka mafuta hadi kwenye magurudumu) inavimba.

Kisha shikilia kwa nguvu ya wastani kwa nusu dakika bila kuachia. Pedali inayodidimia taratibu hadi karibu na sakafu, na huku hakuna tone lililomwagika popote, ni masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) inayopitisha ndani kwa ndani: raba zake hazizuii tena.

Mwisho, huku umekanyaga, washa injini. Pedali ishuke kidogo tu, kama upana wa kidole. Hiyo ndiyo busta ikifanya kazi yake. Isiposhuka kabisa na breki ikawa ngumu huku gari halisimami, hiyo si breki laini. Angalia mpira wa upepo unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta na vali yake ya kuzuia upepo kurudi.

Naweza kuendelea kuliendesha nikisubiri spea?

Ikiwa pedali inadidimia, au inabidi upampu ndipo ishike, au mafuta ya breki yanapungua kwenye kikopo, la. Barabara ya Lamu ina tuktuk zinazokata bila taarifa, bodaboda, na watoto wanaovuka kwenda shule. Magari mengi ya tangu miaka ya 1970 yana mikondo miwili ya breki ili mmoja ukifa mwingine ubaki, lakini nusu ya breki ina maana gari litasimama mbali zaidi kuliko ulivyozoea, na pedali itakuwa imeshuka chini sana. Livute kwa gari jingine lenye breki nzima, kwa chuma cha kuvutia na si kamba, au lipakie.

Nianze na nini?

Anza na magurudumu ya nyuma. Wengi hukimbilia kutoa hewa, wakamaliza lita nzima ya mafuta, kumbe hewa haikuwepo.

Datsun 240Z ina diski mbele na dramu nyuma. Dramu zikilegea, pistoni za nyuma lazima zisafiri mbali kabla brekishuu hazijagusa, na safari hiyo yote inatoka kwenye mguu wako. Legeza kwanza kebo ya hendibreki ili isikudanganye. Inua nyuma, weka stendi, zuia magurudumu ya mbele. (Viwanja vingi vya Malindi ni mchanga: jeki na stendi zikae juu ya ubao mnene, zisije zikazama ukiwa chini ya gari.) Zungusha kirekebishi cha brekishuu mpaka gurudumu lisizunguke kwa mkono, kanyaga pedali mara mbili ili brekishuu zikae katikati, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke huku ukisikia mkwaruzo mwepesi. Fanya pande zote mbili, ndipo ukaze kebo ya hendibreki. Vile virekebishi vinavyojirekebisha vyenyewe vikishikwa na kutu havijirekebishi chochote. Vifungue, visafishe kwa brashi ya waya, vipake grisi ya joto kali kidogo tu.

Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, 1989 hadi 1997, ina diski nyuma lakini nayo hurekebishwa kwa mkono, na hili mafundi wengi hawalijui. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya spana 14 inayofunika tundu. Itoe, ingiza alenki ya milimita 4, zungusha kufuata saa mpaka brekipedi zibane diski, kisha rudisha theluthi ya mzunguko. Gurudumu lizunguke bila kukwama. Rudisha bolti. Kazi ya nusu saa kwa kalipa zote mbili, na mara nyingi pedali hupanda papo hapo.

Kutoa hewa kunafanywaje sawasawa?

Utahitaji lita 1 ya mafuta ya breki mapya ambayo hayajafunguliwa, mpira mwembamba unaoonekana ndani, chupa safi, soketi au spana ya duara inayoenea sawasawa kwenye skrubu ya kutolea hewa (kawaida ni 8 au 10), na mtu wa kukanyaga.

Siku moja kabla, nyunyizia skrubu zote mafuta ya kulegeza kutu. Usidharau hatua hii. Skrubu hizo ni nyembamba na zina tundu katikati. Hapa pwani hushikana na kalipa, na ukizikamata kwa spana ya mdomo wazi zitaviringika au zitakatika. Tumia soketi ya pembe sita, gonga kichwa cha skrubu kwa nyundo ndogo mara kadhaa, kisha sogeza mbele na nyuma kwa upole. Ikikataa, simama na umwite fundi mwenye moto wa gesi, kwa sababu iliyokatika ndani humaanisha kutoboa au kununua kalipa nyingine.

Fyonza mafuta machafu kwenye kikopo kwa bomba la sindano na ujaze mapya. Magari yetu yana usukani kulia na masta silinda huwa upande huo, hivyo gurudumu la mbali zaidi ni la nyuma kushoto. Anza hapo, fuata nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Kama kitabu cha gari lako kinasema mpangilio mwingine, fuata kitabu. Magari yenye mikondo ya mshazari (gurudumu la mbele na la nyuma la upande wa pili kwenye mkondo mmoja) hutofautiana. Gari lililoletwa kutoka Italia likiwa na usukani kushoto, geuza mpangilio.

Mwenzako akanyage polepole na ashikilie. Fungua skrubu robo mzunguko, mafuta yatoke kwenye mpira uliozamishwa ndani ya mafuta ya chupa. Pedali ikifika chini, funga kwanza, ndipo yeye aachie. Mkubaliane maneno: “kanyaga”, “imefika”, “achia”. Akiachia kabla hujafunga, umevuta hewa mpya ndani. Kila baada ya kukanyaga mara tano angalia kikopo. Kikikauka, unarudi mwanzo.

Jambo moja linalookoa masta silinda nyingi za zamani: weka kipande cha mbao cha unene wa sentimita 5 chini ya pedali. Kwa miaka raba za masta zimekuwa zikitembea sehemu ya juu tu ya silinda. Sehemu ya chini ina kutu na uchafu. Ukikanyaga mpaka sakafuni, raba zinapita juu ya kutu hiyo na kuchanika. Ndiyo maana watu husema “breki ilikuwa afadhali kabla ya kutolewa hewa”, na wanasema kweli.

Mafuta yakimwagika kwenye rangi ya gari, mwagia maji mengi mara moja. Usifute kwa kitambaa kikavu, yanakula rangi.

Nimetoa hewa mara tatu na bado ni sponji. Kwa nini?

Angalia kalipa kwanza. Skrubu ya kutolea hewa lazima iwe juu kabisa ya kalipa. Kalipa zikifunguliwa na kurudishwa, ya kushoto ikaenda kulia, skrubu hukaa chini na hewa inabaki imejifungia juu, hata ungekanyaga mpaka Idi. Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu zinaenea pande zote mbili bila shida.

Pili, masta silinda mpya iliyofungwa bila kutolewa hewa mezani. Ifunge kwenye vaisi ikiwa tambarare, ijaze mafuta, unganisha vipaipu viwili vinavyorudi ndani ya kikopo, na usukume pistoni taratibu kwa bisibisi butu mpaka mapovu yaishe. Ndipo uipeleke kwenye gari.

Tatu, mapovu yanayoonekana kwenye mpira wa chupa huenda hayatoki ndani. Hewa hupenya kupitia nyuzi za skrubu iliyolegezwa sana. Fungua kidogo tu, au paka grisi ya silikoni kuzunguka shina la skrubu nje.

Nne, inua pua ya gari au kalipa yenyewe. Kwenye baadhi ya magari paipu hupanda mgongo juu ya ekseli na povu hukaa kileleni. Na gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) ya zamani linaweza kushika hewa ndani ya kifaa chake. Breki kali mara kadhaa mahali peupe kwenye changarawe, mpaka ABS ifanye kazi, kisha kutoa hewa tena, husaidia. Hilo ni la kufanya tu kama pedali tayari inashika.

Yote yakishindwa, tenga mfumo. Chomoa paipu kwenye masta silinda na uzibe matundu yake kwa bolti za kuzibia zenye nyuzi zinazofanana (magari mengi ya Kijapani ni M10 yenye hatua ya milimita 1.0). Kanyaga. Pedali ikiwa jiwe, masta ni nzima na shida iko mbele yake: rudisha paipu moja moja mpaka ulaini ujitokeze. Ikiwa bado inabonyea, usihangaike na magurudumu tena.

Mafuta ya breki gani, na yabadilishwe lini?

DOT 4 kwa magari mengi haya (DOT ni daraja linaloandikwa kwenye chupa). Mafuta ya DOT 3, 4 na 5.1 hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu Malindi haukosekani mwaka mzima. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi za Selsiasi zisizopungua 230. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwingine wanasema badilisha kila miaka miwili. Hapa, kila mwaka mmoja, kabla ya msimu wa kaskazi ambapo magari haya hutolewa.

DOT 5 ni silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine, ingawa namba inafanana na 5.1. Hubonyea kidogo zaidi na hushika mapovu, kwa hiyo anayetafuta pedali ngumu hana sababu ya kuitia.

Nunua chupa ndogo zenye muhuri. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa kwenye rafu ya gereji, itupe.

Nimeongezewa oili ya stelingi kwenye kikopo cha breki. Ni vibaya?

Vibaya sana. Oili yoyote ya petroli huvimbisha raba za breki. Kwanza pedali inabadilika, kisha breki zinajishika zenyewe. Pima: chota mafuta kidogo kwenye kikopo, tia kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki huchanganyika na maji. Oili huelea juu. Ikielea, kuflashi (kusukuma mafuta mapya mpaka ya zamani yatoke) peke yake hakutoshi. Raba zote, za masta, kalipa, silinda za dramu, pamoja na mipira, hubadilishwa, na paipu za chuma huoshwa kwa spiriti na kukaushwa.

Vivyo hivyo maji. Kuongezea maji “ifike tu nyumbani” ni kutia ndani kitu kinachochemka kwa nyuzi 100, na mvuke unabonyea.

Masta silinda irekebishwe au inunuliwe mpya?

Itoe, ifungue, ioshe kwa spiriti, angalia ndani kwa tochi. Ukuta ukiwa unang'aa na kidole hakihisi shimo, seti mpya ya raba inatosha. Ukiona madoa meusi yenye vishimo, raba mpya zitachanika baada ya wiki chache. Msasa hauponyi vishimo; unapanua silinda tu. Nunua nyingine, au ipelekwe kwa karakana inayoweza kuitia bomba la ndani la chuma kisichoshika kutu. Wakati wa kufunga paka raba mafuta ya breki, kamwe si grisi ya kawaida.

Mipira ya chuma cha kusuka inaleta tofauti?

Ndiyo, kama mipira uliyonayo ina miaka ishirini. Mwambie mtu akanyage kwa nguvu huku umeushika mpira mkononi. Ukihisi unavimba, pedali yako inapotelea hapo. Mipira mipya ya kawaida nayo hukaza pedali. Ya kusuka hukaza zaidi kidogo. Kila bolti yenye tundu iwekewe washa mbili mpya za shaba, moja kila upande. Baada ya kufunga, geuza usukani mwisho hadi mwisho, gurudumu likining'inia na likiwa limebeba uzito, uhakikishe mpira hauvutiki wala hausuguani na tairi. Unaosuguana utakatika.

Paipu zimeliwa na kutu. Nitie shaba?

Shaba tupu hapana. Huchoka kwa mtikisiko na kupasuka. Tumia ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, kipenyo cha milimita 4.75, inayostahimili chumvi miaka mingi na hupindika kwa mkono. Maunganisho ya kubana kwa pete, kama ya mabomba ya maji, hayaruhusiwi kwenye breki hata kwa siku moja.

Nimetia brekipedi mpya na pedali imekuwa laini zaidi.

Mpya hugusa diski kwa sehemu ndogo tu mpaka zizoeane. Piga breki za wastani kama mara kumi, kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, ukiacha zipoe katikati, bila kusimama kabisa. Barabara ya Mambrui asubuhi mapema inafaa.

Zisipobadilika, fungua uangalie pini za kalipa inayoteleza. Chumvi huzishika, kalipa inakaa mshazari, brekipedi inalika upande mmoja, na pedali inapindisha chuma badala ya kubana diski. Safisha, paka grisi ya silikoni. Angalia pia mtikisiko wa diski kwa saa ya kupimia; zaidi ya milimita 0.1 ni nyingi. Vumbi la brekishuu na brekipedi za zamani usilipulize kwa kompresa, huenda lina asbesto. Lilowanishe kwanza.

Breki ni nzuri hapa Malindi, lakini nikifika Kilifi pedali imezama. Mbona barabara ni tambarare?

Swali lenyewe lina jibu. Njia ya kwenda Mombasa haina mteremko wa kuchemsha breki nzima, kwa hiyo kuna gurudumu linalojishika njiani. Endesha kilomita 10 ukitumia breki kidogo, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Linalochoma kuliko wenzake ndilo. Inua gurudumu hilo: likikataa kuzunguka, fungua skrubu ya kutolea hewa. Likiachia hapo, mpira wa breki umeziba ndani au masta hairudishi. Lisipoachia, ni pistoni au pini iliyoshikwa na kutu. Hakikisha pia pedali ina mchezo wa milimita chache juu kabla haijaanza kusukuma. Kama haina, masta haiachii mafuta yarudi, na kadiri yanavyopata moto breki zinajibana.

Nikitia masta silinda kubwa zaidi?

Pedali itakuwa fupi na ngumu, ndiyo. Kutoka inchi 7/8 kwenda 15/16 eneo la pistoni huongezeka karibu asilimia 15: pedali itasafiri pungufu kwa kama asilimia 13, na mguu utahitaji nguvu asilimia 15 zaidi kupata breki ile ile. Gari halisimami mapema zaidi. Inamfaa aliyeweka kalipa kubwa zenye pistoni nyingi. Kwa gari la kiwandani unaficha ugonjwa.

Kabla ya hapo, fungua boneti na umwambie mtu akanyage. Masta na busta vikisogea mbele pamoja na bati lililovishika, bati ndilo linalopinda. Kishikizo cha chuma kutoka kwenye fremu kinachozuia pua ya masta ni kazi ndogo ya mchomeleaji, na mguu unaihisi.

Spea zinapatikana wapi?

Mafuta, washa na paipu hupatikana hapa au Mombasa. Seti za raba na mipira ya magari haya mara nyingi huagizwa Nairobi, maduka ya Barabara ya Kirinyaga, na kutumwa kwa basi. Tuma sehemu ya zamani au vipimo vyake: kipenyo cha pistoni kwa milimita, nyuzi, na namba iliyochongwa kwenye kalipa. Jina la gari peke yake halitoshi, maana modeli moja ilibadilishiwa kalipa katikati ya miaka.

Nitaliacha gari miezi sita. Nifanyeje breki zisiharibike?

Badilisha mafuta kabla ya kuliacha. Osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na ulikaushe kwa kuliendesha, si kwa kuliacha limelowa. Liweke kwenye gia, magurudumu yamezuiwa kwa magogo, hendibreki imeachiwa, la sivyo brekishuu zitagandana na dramu masika ikipita. Muachie mtu unayemwamini ufunguo, naye kila baada ya wiki mbili akanyage pedali mara ishirini na kulisogeza gari mbele na nyuma mita chache. Mwonyeshe alama ya mafuta kwenye kikopo. Yakishuka chini ya alama, asiongeze wala asiliendeshe, akupigie simu.